Aliyekalia Dawati la Tatu

Korido ya kituo cha polisi ilikuwa na benchi moja tu, na kwa siku kumi na mbili mfululizo lilikaliwa na wanawake wawili wasiosemeshana. Upande wa dirishani alikaa mjane wa mlinzi aliyefia kwenye ghala la magodoro. Upande wa mlangoni alikaa bibi mmoja na wajukuu wake pacha wa miezi minne, mmoja mgongoni, mwingine mapajani, na chupa ya maziwa ya kopo aliyokuwa akiikoroga kutwa nzima. Mama wa hao pacha alikuwa mahabusu, ukuta wa pili kutoka hapo, akituhumiwa kwamba ndiye aliyepokea simu ya mwisho ya mlinzi, akaipuuza, kisha akafuta rekodi yake.

Inspekta aliwaamkia wote wawili. Yule bibi aliitikia na kuinamia chupa yake. Mjane hakuiacha nafasi ipite.

"Marahaba, mwanangu. Umepata kujua kwa nini hakutoka?"

"Bado, mama."

"Mlango ulikuwa wazi. Hatua kumi kutoka kwenye meza yake. Miguu yake ilikuwa mizima. Kwa nini hakutoka?"

Swali lilikuwa hilo hilo tangu siku ya kwanza, na Inspekta alilichukia kwa sababu lilikuwa swali zuri. Wenzake walimwita Rudia, jina alilolipata kihalali, kwani hakuna shahidi aliyewahi kumsimulia jambo mara moja akaachwa aende zake. Leo hii mjane alikuwa amemshinda kwa silaha yake mwenyewe.

Ofisini alimkuta Mwendesha Mashtaka amekalia kona ya meza, akijipepea kwa jalada la kesi.

"Saa tisa alasiri nalipeleka mahakamani," alisema. "Kuzembea hadi kusababisha kifo, na kuharibu ushahidi. Hapo yule mama hatoki chini ya miaka saba. Msimamizi wake anakuja saa nane na nusu kutia sahihi maelezo yake, basi, tumemaliza."

"Wewe umemaliza. Mimi kuna hesabu hainiingii akilini."

"Rudia, kila hesabu huwa haikuingii akilini."

Inspekta hakubishana. Alivaa miwani yake ya kusomea na kutandaza karatasi tatu mezani. Ya kwanza ilitoka kwenye mitambo ya simu. Ilionyesha kwamba siku ya moto, kati ya saa saba na saa nane mchana, dawati la tatu la kituo cha simu za dharura lilipokea simu nne: ya 49, ya 53, ya 58 na ya 61. Ya 61 ndiyo iliyotoka ghalani, saa saba na dakika arobaini na mbili, ikadumu sekunde hamsini. Karatasi ya pili ilikuwa orodha ya rekodi zilizokutwa kwenye mashine: mfanyakazi wa asubuhi, aliyeondoka saa saba akiwa na homa, rekodi zake ziliishia ya 44. Za Mama Pacha zilianzia ya 66. Karatasi ya tatu ndiyo iliyomweka ndani. Ilikuwa ripoti ya kompyuta ya mstari mmoja, nao ulisema kwamba saa nane na dakika tano kulitolewa amri ya kufuta *mamapacha/61*.

"Imefutwa moja," alisema Inspekta. "Zimepotea nne."

Mwendesha Mashtaka aliacha kujipepea. "Labda alizifuta zote."

"Kama angefuta zote ripoti ingesema zote. Hizi tatu nyingine ni za nini? Daftari la magari yaliyotumwa linasema: mtu aliyekwama kwenye lifti, ajali ya pikipiki, mtoto aliyepotea. Hakuna mwenye sababu ya kuzifuta, na hakuna aliyezifuta. Ziko wapi?"

"Una mpaka saa tisa," alisema Mwendesha Mashtaka, na akaondoka na jalada lake kwapani.

Mama Pacha aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amejikumbatia kifua kwa mikono miwili. Blauzi yake ilikuwa na madoa mawili ya maji maji, na hakuwa na haja ya kueleza ni ya nini. Inspekta alimvulia sweta lake, akampa ajifunike.

"Rudia. Siku ile uliingia saa ngapi?"

"Nimeshasema mara ngapi, Afande? Saa saba na dakika tano. Nilipigiwa simu nije mapema, nikaja, nikasaini daftari la mlangoni. Pale kwetu kila mtu anasaini akipita mlangoni, hata kama umefuata mwavuli uliousahau jana."

"Ukaenda kukaa dawati la tatu."

"Sikwenda. Nilimkuta Bosi Tai mwenyewe ameshakalia kiti. Akaniambia, zamu yako ni saa nane, nenda kwanza kakamue maziwa ya watoto, mimi nipo. Nikaona leo kaamka na roho nzuri. Nikaenda stoo."

Bosi Tai ndiye msimamizi wa kituo, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai, hata siku ya kufagia uwanja.

"Nani alikuona stoo?"

"Afande, kuna mtu anayealika mashahidi ili akamue maziwa mbele yao?"

Inspekta alitabasamu licha ya saa kukimbia. "Yeye anasema hakugusa dawati hilo. Anasema alikuwa ofisini kwake, na ulikaa wewe tangu ulipofika."

"Anasema kwa kuwa ananiona siwezi kusema kitu wakaniamini. Na waliomwona pale ukumbini wanaogopa kupoteza kazi. Mimi ni nani?"

"Ulipokaa saa nane, kitu cha kwanza ulifanya nini?"

"Cha kwanza kabisa? Niliandika *pokea*, nikaweka jina langu. Usipoandika hivyo simu ya dawati haifunguki. Haijalishi ni nani."

"Haijalishi ni nani," alirudia Inspekta taratibu.

"Hata angekuwa waziri." Mama Pacha alivuta sweta. "Afande, maziwa yanakauka. Jana yalikuwa mengi, leo yamepungua. Nikikaa wiki nyingine watoto wangu hawanyonyi tena. Wenzangu humu wanaona nalia kwa woga. Silii kwa woga."

Inspekta alimwonea uchungu, na hasira yake ikampa nguvu ya kupanda ngazi mbili mbili, ingawa goti lake la kushoto lilikuwa limeshastaafu kabla yake.

Kituo cha simu za dharura kilikuwa ukumbi mmoja wenye madawati sita yaliyopangwa kwa safu, kila moja na skrini, simu na kikombe cha chai kilichopoa. Bosi Tai alimpokea mlangoni, tai ya bluu, harufu ya manukato.

"Afande! Karibu sana. Saa nane na nusu nipo kwenu, ondoa shaka."

"Nimekuja kumwona fundi wa mitambo."

"Yule? Ana kichwa kigumu lakini mtu mzuri. Ondoa shaka, atakusaidia."

Dawati la tatu lilikuwa limekaliwa na dada mmoja mwenye bangili nyingi, akisoma mwongozo wa kazi kwa kidole. Bosi Tai alieleza kwamba ni mwajiriwa mpya, ameanza juzi kuziba pengo la Mama Pacha. Inspekta aliona jinsi pengo lilivyozibwa haraka, hata kabla mwenye nafasi hajahukumiwa.

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi kali. Fundi, mzee wa makamo aliyevaa koti la mvua ndani ya nyumba, alikuwa mtu wa pili katika orodha ya washukiwa wa Inspekta, na njia nzima alikuwa amempandisha awe wa kwanza. Mwenye funguo za mashine zote angeweza kufuta chochote na kumbandika yeyote.

"Ripoti hii uliitengeneza wewe?" aliuliza, akimwekea ile karatasi mbele yake.

"Programu yangu iliitengeneza." Fundi aliishika karatasi kwa heshima. "Inaitwa *fupisha*. Nimeiandika mwenyewe, mistari themanini na tatu, haijawahi kukosea."

"Inafanya nini? Niambie kama unavyomwambia shangazi yako."

Fundi alipenda swali hilo. Alimvutia kiti, akafungua skrini nyeusi isiyo na picha wala vitufe, yenye maandishi meupe tu.

"Tazama, Afande. Kila faili humu ndani lina anwani yake, folda ndani ya folda ndani ya folda. Anwani ya rekodi moja ni ndefu hivi." Aliandika, na mstari ukavuka skrini yote ukaanza wa pili: */seva/kituo/dharura/rekodi/simu/madawati/wafanyakazi/mamapacha/66*. "Sasa fomu zetu za ripoti zina safu nyembamba. Anwani ilikuwa inakatika mkiani, na mkiani ndiko kwenye jina na namba. Wakubwa wakawa wananipigia kelele. Ndiyo nikaandika *fupisha*. Unaipa anwani ndefu, yenyewe inakata kile kichwa kinachofanana kote, inakuachia *mamapacha/66*. Basi."

"Ni hivyo tu?"

"Kuna na kazi nyingine. Baadhi ya anwani si mahali hasa, ni njia za mkato. Ukifungua, zinakupeleka kwingine. *Fupisha* haikubali kudanganywa na njia ya mkato. Inaifuata mpaka inakoishia, ndipo inakuandikia mahali penyewe."

"Rudia hapo pa njia ya mkato."

"Chukua dawati la tatu. Linakaliwa na watu watatu kwa siku. Simu ikiingia, rekodi inatumwa kwenye *dawati3*. Lakini *dawati3* si folda, ni njia ya mkato. Aliyekaa akiandika *pokea* na jina lake, ile njia inageuzwa ielekee kwenye folda yake. Akija mwingine, inageuzwa tena."

"Hayo mageuzi unayaandika mahali? Nani alipokea saa ngapi?"

Fundi alikuna kidevu. "Kumbukumbu zinashika kufuta, kunakili na kuhamisha. *Pokea* sikuiweka. Niliona ni kujaza diski bure."

"Na aliyetoa amri ya kufuta?"

"Humu wote wanaingia kwa jina moja, jina la kituo. Nimepigia kelele jambo hilo miaka minne."

Inspekta alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge chake cha begani, akaivaa tena. "Kabla *fupisha* haijagusa kitu, ile kumbukumbu yenyewe ya siku ile inasemaje? Nionyeshe ilivyoandikwa na mashine."

"Hakuna anayesoma ile, Afande. Ni ndefu."

"Mimi nina macho marefu."

Fundi aliitafuta. Mstari ulitokea, mrefu kama alivyosema, na Inspekta aliufuata kwa kidole juu ya kioo mpaka mwisho. Saa nane na dakika tano. Futa, kwa lazima. Na mkia wake haukuwa na jina la mtu. Ulikuwa *dawati3/61*.

"Mama Pacha hayupo hapa," alisema.

"Ndiyo, hapo ni njia ya mkato. *Fupisha* ndiyo iliyoifuata ikamkuta."

"Ilimkuta lini?"

"Nilipoiendesha. Wakubwa walidai ripoti, Bosi akaniambia niitoe, nikaitoa saa ile ile. Imeandikwa hapo pembeni, saa tisa alasiri ya siku ya moto."

"Iendeshe tena."

"Ripoti ya leo?"

"Ya siku ile ile, mstari ule ule. Rudia."

Fundi aliinua mabega kama mtu anayeambiwa apige hesabu ya moja na moja. Aliandika amri, akabonyeza kitufe. Mashine haikuchelewa. Kwenye skrini nyeusi kulitokea mstari mmoja mfupi, safi, wenye kutosha kwenye safu nyembamba ya fomu yoyote duniani: *bangili/61*.

Feni za mashine zilivuma.

"Bangili ni nani?" aliuliza Inspekta, ingawa alishajua.

"Ni yule dada mpya. Ndivyo tunavyomwita." Fundi aliisogelea skrini. "Lakini yule ameanza juzi."

"Kwa hiyo aliyefuta rekodi ya mlinzi siku kumi na mbili zilizopita ni mtu ambaye siku hiyo alikuwa hajui hata mlango wa kuingilia hapa."

"Haijakosea," alisema Fundi, akiishika meza. "Haijakosea, Afande, imefuata njia ya mkato inakoelekea…"

"Inakoelekea sasa hivi. Sikuuliza sasa hivi. Niliuliza siku ile." Inspekta hakuwa na haja ya kupandisha sauti. "Programu yako haisemi uongo. Ukiiuliza saa tisa, inakwambia nani amekaa saa tisa. Mmeichukua mkamfunga nayo mama mwenye watoto wachanga."

Fundi alikaa chini. Jasho jembamba lilimtoka katika chumba kile cha barafu, na Inspekta alipomtazama alimfuta kwenye orodha. Mtu anayekula njama hashtuki namna hiyo kwa kosa lake mwenyewe.

"Vaa viatu vizuri," alimwambia. "Tunakwenda stoo ya vielelezo."

Ilikuwa saa saba na robo. Siku ya moto, saa kumi na moja jioni, polisi walichukua nakala ya diski nzima ya kituo cha simu, wakaifunga kwa lakiri, na tangu hapo ilikaa kwenye kabati la chuma chini ya ulinzi wa Mtunza Vielelezo, mwanamume aliyeamini kwamba sheria za nchi ziliandikwa ili fomu zake zipate kujazwa.

"Fomu namba sita," alisema.

"Nimejaza."

"Umejaza kwa kalamu ya bluu."

"Kaka yangu, nipe nyeusi."

Alimpa nyeusi. Alisoma fomu mpya mara mbili, akavunja lakiri mbele yao, akaandika saa, akaiunganisha diski kwenye kompyuta ya kusomea tu, ile isiyoweza kubadili hata nukta. Ilikuwa tayari saa nane kasoro dakika kumi. Kila dakika aliyoipoteza Inspekta aliisikia kwenye goti.

"Sasa," alimwambia Fundi, "usitumie *fupisha*. Sitaki kufuata njia ya mkato. Nataka kuitazama yenyewe. Njia yenyewe iliwekwa saa ngapi?"

Fundi alimgeukia. Katika miaka yote hiyo, ilionekana wazi, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Aliandika polepole. Skrini ikajibu: *dawati3*, inaelekea *mamapacha*, imewekwa saa nane kamili na sekunde kumi na tisa.

"Saa nane kamili," alisema Fundi. "Alikaa saa nane. Kama alivyosema."

"Na simu ya ghala iliingia saa saba na dakika arobaini na mbili. Kabla ya hapo njia ilielekea kwa nani?"

"Hapo siwezi kukwambia. Ikigeuzwa, ya zamani inapotea."

"Rekodi hazikupotea. Nitafutie ya 58."

"Ya 61, unataka kusema."

"Ya 61 kuna mtu alitaka ife. Ya 58 ni ya mtoto aliyepotea, hakuna aliyekuwa na shida nayo. Itafute diski nzima, kwa kila mtu, mpaka kwa mfagiaji kama ana folda."

Mashine ilitafuta. Mtunza Vielelezo, aliyejifanya hana habari, alisogea akasimama nyuma yao. Baada ya nusu dakika jibu lilitokea, na Fundi alilisoma kwa sauti ya chini: */seva/kituo/dharura/rekodi/simu/madawati/wafanyakazi/msimamizi/58*.

"Msimamizi ana folda?"

"Kila mwenye jina anayo. Hatukuitazama kwa sababu yeye hapokei simu."

"Ifungue."

Zilikuwa rekodi nne. Ya 49. Ya 53. Ya 58. Na chini yake, nzima kabisa, ya 61.

"Haiwezekani," alisema Fundi, kisha akajipiga paji la uso. "Inawezekana! Afande, alikaa, akaandika *pokea*, simu zote nne zikaingia kwake. Saa nane Mama Pacha akaandika *pokea*, njia ikageuka. Saa nane na dakika tano huyu bwana akakaa kwenye mashine yake akaandika futa *dawati3/61*. Lakini *dawati3* ilikuwa imeshahamia kwa Mama Pacha! Amri ilikwenda kwenye folda isiyo na kitu hicho."

"Na mashine haikumwambia?"

"Aliweka neno la lazima. Ukiweka lazima, haikuulizi wala haikujibu, hata kama haikukuta kitu. Kisha bila shaka alifungua *dawati3* kuhakikisha, akaona ya 61 haipo, akalala usingizi."

Inspekta aliwaza jinsi msimamizi yule alivyofurahi saa tisa, ripoti ilipotoka na jina la mtu mwingine. Hakuwa amepanga hilo. Alipewa bure, akalipokea kwa mikono miwili.

"Ifungue ya 61," alisema.

Walisikiliza sekunde hamsini wakiwa wamesimama. Ilipokwisha, Fundi aligeukia ukutani. Mtunza Vielelezo alitoa fomu nyingine bila kuombwa, akaijaza yeye mwenyewe.

Saa nane na nusu juu ya alama, Bosi Tai aliingia ofisini kwa Inspekta. Mwendesha Mashtaka alikuwa ameketi dirishani, jalada mapajani. Inspekta alimsogezea msimamizi maelezo yake yaliyopigwa chapa.

"Soma kwanza. Hapa unasema mchana huo wote ulikuwa ofisini kwako, na hukukalia dawati la tatu."

"Ni kweli tupu."

"Rudia."

"Sikukalia dawati la tatu, Afande. Sina hata sababu ya kulikalia." Alitoa kalamu mfukoni, akatia sahihi ndefu yenye mkia.

Inspekta aliichukua karatasi, akaikausha kwa pumzi, akampa Mwendesha Mashtaka. Kisha alitoka kwenye korido, akarudi amemshika mkono yule mjane, taratibu, na kumweka kwenye kiti chenye mto.

"Mama, kisheria nahitaji mtu aitambue sauti. Ni sauti ya mumeo. Si lazima. Ukisema hutaki, nitatafuta mtu mwingine."

"Nimekaa kwenye benchi siku kumi na mbili," alisema mjane. "Nataka."

Bosi Tai alikuwa amebadilika rangi, lakini alijikaza. Aliinama kwa yule mama kwa adabu. "Pole sana, mama. Ondoa shaka, leo haki yako inapatikana."

Inspekta alibonyeza kitufe.

"Dharura, dawati la tatu."

"Mwanangu, ni mimi, mlinzi wa ghala la magodoro. Moshi unatoka huku nyuma. Na leo si taka za jirani, leo ni kwetu."

"Ni wewe tena, mzee? Wiki iliyopita ulituitisha gari kwa moshi wa takataka."

"Leo ni moto, nauona. Nitoke nikasimame barabarani?"

"Ondoa shaka. Gari linakuja. Usibanduke kwenye simu, dereva atakupigia umwelekeze. Kaa hapo hapo."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo, mzee."

Kabla simu haijakatwa kulisikika kicheko kidogo, na sauti ile ile ikimwambia mtu wa dawati la jirani kwamba ni yule mzee wa moshi. Hakuna gari lililotumwa.

Mjane hakulia. Alikuwa amefunga macho tangu neno la kwanza, na sasa aliyafungua.

"Huyo ni baba watoto wangu," alisema. "Alikuwa mtu wa kutii. Ukimwambia kaa, anakaa." Aligeuza kichwa. "Na huyo mwingine ndiye aliyeniondoa shaka sasa hivi."

Mwendesha Mashtaka alilifungua jalada, akachomoa ripoti ya mstari mmoja, na kuichana kati. Kisha alikumbuka kuwa ni kielelezo, akaanza kutafuta gundi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika nne. Inspekta aliinua simu ya mezani, akampigia askari wa mahabusu.

"Mfungulie Mama Pacha. Ndiyo, sasa hivi, fomu nitaleta mwenyewe. Na mama yake yuko hapo kwenye benchi na watoto. Mwambie aache kukoroga hiyo chupa."

Alipoweka simu, Bosi Tai alikuwa ameshasimama, mkono mmoja kwenye fundo la tai, macho mlangoni. Alisema kwamba kuna watu lazima awapigie, ni dakika moja tu, anarudi. Inspekta alifungua kinywa kumjibu, lakini mjane alimtangulia, na katika siku zote kumi na mbili hakuwahi kupandisha sauti mpaka wakati huo.

"Wewe kaa hapo hapo."